Tangi Lisilojaa

Ukitaka kumsifu fundi wa mjengo huku kwetu Makindu, unasema: "Septiki aliyonijengea haijawahi kujaa." Sifa hiyo nimeisikia sokoni, nimeisikia kwenye matatu, na nimeisikia matangani, wazee wakiwa wamekaa chini ya mgunga wakingoja mwili ufike kutoka Nairobi. Mwenye nyumba huitamka kwa fahari, na wanaomsikiliza huomba namba ya simu ya huyo fundi. Mimi sifa hiyo hunitia hofu. Tangi la maji taka lililojengwa sawasawa hujaa maji mapema baada ya kuanza kutumika, likabaki limejaa hadi kwenye bomba la kutokea kwa maisha yake yote, na kila baada ya miaka mitatu hadi mitano huhitaji kunyonywa tope. Lisilojaa lina ufa, au lilijengwa bila sakafu, na kila kinachoingia humo kinateremka ardhini kuelekea kule yanakotoka maji yetu ya kunywa.

Nimefundisha shule za sekondari za Kitui kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na nyumbani kwetu ni Makueni, nje kidogo ya mji wa Makindu, si mbali na hekalu la Wasikh lililojengwa mwaka 1926 kando ya reli. Watu wa mbali hutuona sote wa Ukambani kama watu wa nchi moja kavu, yenye vumbi jekundu na maembe matamu. Lakini anayechimba shimo anajua kwamba ardhi hizi hazifanani hata kidogo. Kitui imekaa juu ya mwamba wa kale. Jembe likishuka kidogo tu linagonga jiwe, na kwenye mabonde utakuta udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kugeuka gundi masika. Makindu na Kibwezi zimekaa kwenye lava ya milima ya Chyulu, mawe yenye matundu ambayo hunywa kila kitu. Milima ya Chyulu haina mto hata mmoja unaotiririka juu yake mwaka mzima. Mvua ikinyesha huko inazama kwenye lava, inasafiri gizani, kisha inatokea kama chemchemi: Makindu, Kiboko, Umani, na ile kubwa ya Mzima ambayo maji yake hupelekwa kwa bomba hadi Mombasa.

Kwa hiyo kosa moja la fundi huzaa mambo mawili tofauti. Kitui maji taka hurudi juu ukayaona. Makindu hupotea chini usiyaone. Nimeishi na hali zote mbili, na sasa naamini ile ya Kitui ina afadhali, maana inamlazimisha mtu kushughulika.

Nianze na Kitui. Shule niliyokuwa nikisimamia bweni lake ilikuwa ya wasichana, upande wa kusini wa kaunti, kwenye mteremko unaomwaga maji yake katika kijito cha msimu kinachoelekea mto Tiva. Tangi lake lilijengwa zamani, wanafunzi wakiwa wachache. Serikali ilipoamua mwaka 2018 kwamba kila anayemaliza darasa la nane aingie sekondari, wasichana waliongezeka, mabweni yakaongezwa, vitanda vya ghorofa vikaletwa. Tangi likabaki lile lile. Hakuna aliyekataa kulipanua. Halikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote, kwa sababu liko chini ya ardhi na mfuniko wake ulikuwa umeota nyasi.

Mwaka uliotangulia, 2017, sheria ya elimu ilirekebishwa ili wasichana wa shule wapewe sodo bure. Niliipigia makofi sheria hiyo na ningali naipigia, kwa kuwa nimeona binti akikosa masomo siku nne kila mwezi kwa kukosa kitambaa. Ila sodo zilipofika shuleni, ndoo za kuzitupia hazikufuatana nazo. Msichana wa miaka kumi na minne mwenye haya, usiku, hana pa kuitupa ila chooni. Sodo haiozi ndani ya tangi. Hunywa maji ikavimba, ikaenda kulala kwenye bomba la ti linalopitisha maji kutoka chumba cha kwanza kwenda cha pili, na hapo huziba.

Kisha ukaja ukame. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua ilishindwa misimu mitano mfululizo. Maji ya shule yalikuja kwa lori la bauza, na wasichana walimwagia choo maji waliyofulia nguo, beseni moja kwa watu kadhaa. Mtu angedhani kwamba ukame hulipumzisha tangi. Sivyo. Tangi hufanya kazi kwa maji: uzito unazama chini ukawa tope, mafuta yanaelea juu yakawa utando, na katikati maji yanatulia kwa siku moja au zaidi kabla ya kutoka. Bakteria wasiohitaji hewa humeng'enya lile tope polepole. Maji yakikosekana, kinachoingia ni uzito mtupu. Tope letu lilikauka, likashikana kama udongo wa tofali.

Lori la kunyonya, ambalo sote huliita eksosta, lilitoka mji wa mbali na kulipwa kwa umbali huo. Kijana wa mpira aliingiza bomba lake, pampu ikanguruma, ikavuta maji machache yaliyokuwa juu, kisha ikaanza kunyonya hewa. Akatazama shimoni kwa tochi akaniambia, "Mwalimu, hii si ya kunyonya. Hii ni ya kukata na jembe." Kuna wafanyakazi waliojitolea kushuka. Niliwakatalia kwa sauti iliyofanya wasichana watoke madarasani. Ndani ya tangi kuna gesi inayonuka kama yai viza, na ubaya wake ni kwamba ikizidi, pua inakufa ganzi, harufu inatoweka, mtu anadhani hali imetulia, kisha anaanguka. Anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Magazeti ya Kenya huandika habari hizi mwaka baada ya mwaka: mmoja alifuata simu iliyoanguka, wa pili akamfuata mwenzake. Hakuna simu, hakuna ndoo, hakuna pampu inayostahili mtu kushuka kwenye tangi la maji taka.

Tulichofanya ni kukusanya maji machafu ya jikoni na ya kufulia kwenye mapipa, tukayamwaga ndani, tukayaacha yalowe, na wanaume wakakoroga kutoka juu kwa fito ndefu za mkaratusi, nyuso zimefunikwa, upepo ukiwa mgongoni mwao. Lori liliporudi, lilinyonya. Tangu hapo najua kwamba katika nchi kavu tangi hunyonywa kabla ya kiangazi kukomaa, likiwa bado lina maji.

Ni baada ya hapo ndipo afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo, ambaye wazee bado humwita Bwana Afya, alipotufundisha kupima. Alichukua fito iliyonyooka, ndefu kuliko kina cha tangi, akaifunga taulo kuukuu jeupe kuanzia ncha ya chini hadi karibu na kiuno, akakaza kwa kamba ya katani. Aliishusha taratibu kupitia mfuniko wa chumba cha kwanza hadi ikagusa sakafu, akaizungusha kidogo, akatulia. Alipoipandisha, taulo lilikuwa na rangi mbili: chini jeusi ti, limeshika chembechembe, juu kijivu, limelowa tu. Akaweka alama kwa kisu pale rangi ilipobadilika. "Hii nyeusi ni tope," alisema. "Pamoja na utando wa juu vikifika theluthi ya kina cha maji, ita lori. Usingoje choo kikwambie." Fito ile ilibaki shuleni, imetundikwa nyuma ya stoo, na mtumishi wa shule akawa anapima mwanzo wa kila muhula na kuandika kwenye daftari. Kwa maoni yangu kazi hiyo ndogo ina faida kuliko unga wowote unaouzwa madukani kwa madai kwamba unayeyusha tope. Bakteria wanaotakiwa huingia tangini kila siku na kinyesi chenyewe. Mwenye nyumba anachotakiwa kufanya ni kutowaua kwa Jik na dawa kali za kusugulia, na kutowazika kwa mafuta ya kupikia.

Mvua zilirudi kwa hasira mwishoni mwa 2023, zile za El Niño. Tangi lilikuwa limenyonywa, lakini shimo la kunywea, ambalo mafundi huliita sokpiti, lilikuwa limechimbwa kwenye kiraka cha udongo mweusi. Udongo huo ukilowa huvimba na kujifunga. Hauna nafasi ya tone jingine. Maji ya tangini yakatoka, yakakuta mlango umefungwa, yakatambaa juu ya ardhi, yakapita chini ya ua wa michongoma na kushuka kwenye kijito.

Kijito hicho kina bwawa la mchanga. Wasiokijua Kitui wanahitaji kuelezwa. Mto wa msimu hujengewa ukuta wa mawe na saruji. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki yamejificha ndani ya mchanga huo miezi mingi baada ya mto kukauka juu. Shirika la SASOL pamoja na wanakijiji wamejenga mamia ya mabwawa kama hayo Kitui tangu miaka ya 1990, watu wakibeba mawe kwa mikono yao. Akina mama hufukua kisima kidogo mchangani, wanakizungushia miiba ili mbuzi wasikanyage, wanateka kwa kata. Ni maji yanayosafishwa na mchanga wenyewe, na kwa vijiji vingi hakuna mengine.

Siku chache baada ya mvua kupungua, mama mmoja mzee alikuja getini na jerikeni ya manjano. Hakutaka kuonana na mkuu wa shule. Alimtaka mwalimu wa bweni. Akamimina maji kidogo kwenye kata akaninyooshea. Yalikuwa na povu jembamba pembeni, na harufu ambayo wote wawili tuliijua.

"Mwaitu," nilimwambia kwa heshima tunayompa kila mama wa umri wake, "pole sana."

"Mwalimu," akasema, "sisi tunawaletea ninyi watoto wetu. Ninyi mnatuletea hiki?"

Sikuwa na la kusema, na hakuwa amekuja kutafuta maneno. Alitaka kuona yanakotokea. Tulizunguka naye hadi nyuma ya bweni, akasimama juu ya lile tope linalong'aa, akafuata mkondo kwa macho hadi uani, kisha akatikisa kichwa na kwenda zake. Kesho yake wazee wa kijiji walikuja, na nawashukuru kwamba walikuja wakiwa na majembe.

Mchanga una nguvu zake. Maji yakipita humo polepole, kwa umbali wa kutosha, vijidudu vingi hufa au hunaswa. Ndiyo maana kanuni ya kawaida ni kuweka choo au sokpiti angalau mita 30 kutoka kisimani, na kuhakikisha kwamba kitako cha shimo kiko juu ya usawa wa maji ya ardhini kwa mita moja na nusu au zaidi. Lakini mchanga hauwezi kumeza mtiririko wa kila siku wa shule nzima. Na kuna kitu kinachopita hata mahali vijidudu vinaponaswa: naitreti. Ukichemsha maji huiondoi. Mtoto mchanga akikorogewa maziwa ya unga kwa maji yenye naitreti nyingi, damu yake hupungukiwa uwezo wa kubeba oksijeni. Mama anayechemsha maji kwa uangalifu wote, akitumia kuni alizozifuata mbali, hana ulinzi dhidi ya hicho.

Shimo jipya lilipaswa kuchimbwa mahali panapokunywa maji, na hapo wasichana wa kilimo walifanya kazi niliyoipenda kuliko yote niliyoiona katika miaka yangu ya ualimu. Walichimba vishimo vyembamba kwenye sehemu mbalimbali za shamba la shule, wakavijaza maji jioni ili udongo ulowe, asubuhi wakavijaza tena na kupima kwa rula maji yanavyoshuka. Kwenye udongo mweusi maji ya jana yalikuwa bado yamesimama, na chura tayari ameingia. Kwenye udongo mwekundu wenye mchanga, upande wa juu wa uwanja, maji yalishuka taratibu, wakati wa somo moja yakawa yameteremka kiasi cha kuonekana. Huko ndiko ilikopelekwa mifereji ya kunywea badala ya shimo, mbali na kijito, na maji yakapandishwa huko kwa pampu ndogo. Kila choo kiliwekewa ndoo yenye kifuniko, na tanuri dogo la kuchomea sodo likajengwa kwa matofali. Jikoni pakawekwa kisanduku cha kunasia mafuta kabla maji ya sufuria hayajaingia bombani. Sehemu kubwa ya gharama ilitoka kwa wazazi, na mzazi wa kwanza kutoa alikuwa mjukuu wa yule mama wa jerikeni.

Nimewasikia wenzangu wa Makueni wakilalamika, kwa haki kabisa, kuhusu mto Athi. Uchafu wa Nairobi huingia kwenye mito yake, mito hiyo huumwaga katika Athi, na Athi hutuletea sisi. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2018 pale Athi na Thwake zinapokutana, limeandamwa na swali hilo tangu mwanzo: yatakayojaa humo yatakuwa maji ya aina gani? Viongozi wetu wamelisema bungeni na mikutanoni, na mimi naungana nao. Lakini kila mmoja wetu mwenye choo cha kuvuta maji ni Nairobi ya mtu fulani aliye chini yake. Tukidai kwamba Nairobi isafishe yake kabla ya kuturushia, lazima tukubali mama wa kijito atudai vivyo hivyo.

Ndiyo sababu, nilipostaafu na kurudi Makindu, jambo la kwanza nililouliza nyumbani lilikuwa tangi. Nyumba ya mama yangu ni ya mawe, tuliyomjengea sisi watoto wake kwa michango, kila mmoja kwa uwezo wake. Choo cha ndani kilikuwa fahari yake. Magoti yake yalikuwa yamechoka kwenda uani usiku. Fundi wa wakati huo alichimba hadi kwenye lava, akajenga kuta nne nzuri, akaacha chini wazi. "Tangi lazima lipumue," alituambia, na maneno hayo nimeyasikia tena kwa mafundi wengine kutoka Emali hadi Mtito Andei. Halikujaa kamwe. Mama alikuwa akiwaambia wageni.

"Mwaitu," nilimuuliza jioni moja, "yale maji yanaenda wapi?"

"Yanaenda chini."

"Chini wapi?"

"Chini, mwanangu. Chini." Alisema kama mtu aliyemaliza kujibu. Nikamkumbusha kwamba alipoolewa hapa, alikuwa akiteka chemchemi ya Makindu pamoja na wake wenzake wa ukoo, na kwamba majirani wawili upande wa mteremko sasa wana visima vya kuchimba. Alinyamaza kwa muda mrefu, akiendelea kuchambua pojo kwenye ungo. Kisha akauliza simiti siku hizi ni shilingi ngapi.

Tulijenga tangi jipya kando ya la zamani. Huu ni ushauri wangu kwa yeyote aliye na shimo lisilo na sakafu: usimpeleke mtu ndani kwenda kulitengeneza. Lijenge jipya, la zamani linyonywe, limwagiwe chokaa, lijazwe mawe na udongo. Jipya lina sakafu ya konkriti yenye vyuma, kuta zilizopigwa plasta ndani mara mbili, na vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili ya ukubwa wote. Wazo lenyewe ni la zamani. Donald Cameron alijenga tangi la maji taka katika mji wa Exeter, Uingereza, mwaka 1895 na kulipa jina la septiki, na Mfaransa Mouras alikuwa amemtangulia. Tangu hapo kilichobadilika ni kidogo sana, kwa kuwa kinachofanya kazi humo ni uzito, utulivu na bakteria.

Kabla ya kuliunganisha na choo, lazima lijaribiwe kwa maji, na hapo ndipo wengi wetu hushindwa. Nani atamwaga maelfu ya lita za maji ya kununua shimoni ili kuona kama yatavuja? Fundi wetu wa pili, kijana mtulivu wa Kibwezi, alingoja mvua za Novemba. Aligeuza mabomba ya paa la mabati yakamwaga tangini. Mvua mbili zikalijaza. Akapigilia msumari ukutani sawasawa na uso wa maji, akafunika, akaenda kulala. Asubuhi mimi na mama tuliinama pamoja kwenye mfuniko. Maji yalikuwa yamegusa msumari. Mama, ambaye kwa miaka mingi alijivunia tangi lisilojaa, aliita majirani waje waone lililojaa.

Maji yanayotoka humo hatukuyachimbia shimo refu. Kwenye lava shimo refu ni mrija wa kupeleka uchafu kwenye chemchemi. Tuliyatandazia mifereji mifupi ya kina cha magoti, mabomba yenye matundu yakalala juu ya kokoto na mchanga, na udongo mwekundu ukaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe kufunika. Karibu na uso wa ardhi ndiko kuliko na hewa, mizizi na viumbe wanaosafisha maji. Mchanga tuliununua kwa stakabadhi, kwa kuwa Makueni ina sheria ya kulinda mchanga tangu mwaka 2015, na ni sheria nzuri: mchanga ukiisha mtoni, maji nayo huisha. Tumepanda migomba kando. Mwembe tumeuweka mbali, maana mizizi ya mti mkubwa hutafuta bomba hadi ikalipasua.

Choo cha shimo cha zamani, kile cha uani, hatukukibomoa. Mama alishikilia kibaki, na alikuwa sahihi. Tangi la nyumba ya watu watano halina uwezo wa kupokea Krismasi ya Ukamba, wana na wajukuu wanaposhuka kutoka Nairobi na Mombasa, magari yamejaa uwanja, nepi zinabadilishwa kila saa. Wala halina uwezo wa kupokea matanga ya wiki nzima. Maji mengi yakiingia kwa mkupuo huvuruga tope lililotulia na kulisukuma nje hadi kwenye mifereji, na mifereji ikishaziba kwa tope haizibuki tena, utachimba mingine. Wageni wengi hutumia kile cha uani, kimefagiwa, kina maji ya kunawa na sabuni mlangoni. Nyuma ya mlango wa jikoni tumeandika kwa rangi umbali kutoka pembe ya nyumba hadi kila mfuniko, na tarehe ya kunyonya, ili hata sisi tukiondoka, atakayebaki asichimbechimbe kutafuta wala kutandaza matofali ya kabro juu yake.

Liko jambo moja ambalo mwenye nyumba hawezi kulimaliza peke yake. Lori likishanyonya, linakwenda wapi? Mara moja nikiwa bado Kitui, nililifuata kwa macho lori lililotoka kunyonya nyumba za kupanga, nikaliona likikata kushoto kwenye kichaka, taa zimezimwa. Mwenye lori anatakiwa awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kusafirisha taka, na mteja ana haki ya kuiona kabla ya kulipa. Ulizeni. Lakini haki iko pande zote: dereva aliye na leseni naye anahitaji mahali halali pa kumwaga, na mahali hapo pakiwa mbali, mafuta ya dizeli humlia faida yote, na kichaka kinaanza kumwita. Tangu ugatuzi wa 2013, Wote, Kitui, Mwingi, Emali na Kibwezi zimekua kwa kasi. Reli mpya ya 2017 imeongeza vituo na vyumba vya kupanga. Na katika mitaa mingi bomba la maji taka la mji halijafika. Miaka mingi ijayo itakuwa ya matangi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango kinachofaa cha usafi na haki ya maji safi ya kutosha. Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti kazi ya huduma za maji na usafi. Kitui ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo nchini kutangazwa kuwa haina watu wanaojisaidia vichakani, na kazi hiyo ilifanywa na wanakijiji wenyewe kwa majembe yao. Naziomba kaunti zote mbili zifuate hatua inayobaki: vidimbwi vya kukaushia na kusafishia tope karibu na kila mji unaokua, vyenye lango, mlinzi na ada ambayo dereva anaimudu, na wakaguzi wanaolitazama shimo kwa macho yao kabla halijafunikwa. Na wewe unayejenga mwaka huu, hata kama unaishi Nairobi au ng'ambo na unatuma pesa kwa simu, njoo mwenyewe siku ya kumwaga sakafu ya tangi. Fundi akikwambia kwamba hakuna sakafu ya kumwaga, simamisha kazi.